Kutoka Kuzuia Kosa hadi Kulistahimili: Viendeshi vya Diski katika Mifumo Endeshi, 2001–2007

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Katika Linux, viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, ambamo kosa moja la kuandika mahali pasipostahili katika kumbukumbu laweza kuikwamisha kompyuta nzima. Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walibaini kuwa, kwa baadhi ya aina za makosa, viendeshi vya Linux vilikuwa na kiwango cha makosa mara 3 hadi 7 zaidi ya sehemu nyingine za kiini.

Tatizo hilo lilikabiliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuhakiki msimbo kabla haujatumika, kama walivyofanya Thomas Ball na Sriram Rajamani wa Microsoft katika mradi wa SLAM. Ya pili ilikuwa kukitenga kiendeshi. Mwaka 2003, Michael Swift, Brian Bershad na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington waliwasilisha Nooks, iliyouponya mfumo katika asilimia 99 ya makosa ya kupandikizwa ambayo vinginevyo yangeikwamisha Linux.

Hata hivyo, kutenga peke yake hakukutosha. Kiini kilinusurika, lakini programu zilizokuwa zikikitegemea kiendeshi ziliweza kuanguka nacho. Ndiyo sababu mwaka 2004 Swift na wenzake walibuni kiendeshi kivuli, kilichoshika nafasi ya kile kilichoanguka hadi kirejeshwe.

Kwa diski, ugumu ulikuwa wa pekee: kiendeshi kilichokufa hakiwezi kusomwa upya kutoka katika diski ambayo chenyewe ndicho mlango wake. MINIX 3, iliyobuniwa Amsterdam na Andrew Tanenbaum na wenzake, ilivitoa viendeshi nje ya kiini na kuhifadhi nakala ya kiendeshi cha diski katika kumbukumbu. Mwaka 2007, Jorrit Herder na wenzake walionyesha kuwa maombi yaliyokatizwa yangeweza kutumwa tena kwa usalama, kwa kuwa kuandika data ileile mahali palepale mara mbili hakubadili matokeo.

Mafanikio hayo yalikuwa na mpaka. Kiendeshi kilichoandika data potofu kabla ya kufa huacha madhara ambayo kukianzisha upya hakuyaondoi. Kwa hiyo, kunusurika kwa mfumo hakupaswi kuchukuliwa kuwa ni sawa na kusalimika kwa data.