Binti Katika Nyumba ya Baba Yake

Historia ya Wakristo haikamiliki bila kueleza jinsi watoto walivyolelewa nyumbani. Huko Buigiri, kama katika vijiji vingine vya Ugogo, ukoo huhesabiwa kwa upande wa baba. Mtoto wa kiume alibaki kulinda jina, mifugo na shamba. Wa kike alilelewa akijulikana kuwa ataondoka.

Si haki kusema kwamba binti hakupendwa. Kuzaliwa kwake kulileta furaha, kwa kuwa ng'ombe wa mahari yake walimwezesha kaka yake kuoa. Lakini thamani hiyo ilipimwa kwa faida ya wengine. Alfajiri alikwenda kisimani, akarudi kusaga uwele na mtama, kisha akambeba mdogo wake mgongoni. Kazi hiyo ya ulezi ilikuwa na hatari yake: trakoma, iliyopofusha watu wengi katika nyanda hizi kavu, huwadhuru wanawake kuliko wanaume, kwa sababu wao hukaa karibu zaidi na watoto wadogo. Kaka yake naye alichunga ng'ombe, na wapo wavulana waliokosa shule kwa ajili hiyo. Hata hivyo, karo ilipopatikana ya mtoto mmoja tu, mara nyingi alichaguliwa wa kiume.

Sheria nazo zilifuata mkondo huo. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti daraja la 3 katika urithi, nyuma ya ndugu zao wa kiume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Misheni ya Kianglikana, iliyotangulia kuhubiri Buigiri, ilijenga pia shule ya wasichana Msalato. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1977, iliwaingiza mabinti wengi darasani. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza ilitamka, katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikathibitisha usawa wa wanawake katika kumiliki ardhi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vile vya ndoa vinakiuka Katiba.

Kanisa nalo lilikuwa na la kujifunza. KKKT iliundwa mwaka 1963, lakini wanawake wa kwanza walibarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1991. Kwa miaka 28 binti aliyesikia wito huo alisubiri mlangoni mwa nyumba ya Baba yake wa mbinguni, kama alivyosubiri kwa baba yake wa duniani.

Mlango umefunguliwa. Kazi iliyobaki iko mikononi mwa wazazi, siku wanapotafuta karo na siku wanapogawa shamba.