Ukinzani, Mkondo na Nguvu: Historia Fupi ya Istilahi za Umeme

Mkazi wa Issuna, kando ya barabara itokayo Manyoni kwenda Singida, aonapo taa yake inafifia husema, "Leo umeme ni mdogo." Kauli hiyo yatosha nyumbani, lakini haimtoshi mfasiri wa maelezo ya mashine. Je, kilichopungua ni volteji, mkondo au nguvu? Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mambo hayo matatu yalivyopata majina, na kwa nini yasichanganywe.

Mwaka 1827, Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni yake kwamba mkondo huongezeka volteji inapoongezeka, na hupungua ukinzani unapoongezeka. Mwaka 1841, Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kuwa joto la waya hutegemea ukinzani pamoja na mraba wa mkondo. Hata hivyo, kila nchi iliendelea kutumia vipimo vyake hadi mkutano wa Paris wa 1881 ulipokubali omu, volti na ampea. Mkutano wa 1889 ukaongeza wati. Kwa hiyo mataifa ya viwanda nayo yalilazimika kuketi na kupatana juu ya istilahi.

Kiswahili, ambacho Baraza lake la Taifa liliundwa kwa sheria ya 1967, kilifuata njia mbili. Majina ya vipimo, yakiwa yametokana na majina ya watu, yalitoholewa. Dhana zilitafutiwa maneno ya wenyewe: mkondo ukatolewa katika maji, na ukinzani katika kitenzi kinza, yaani pinga. Tatizo lilikuwa neno nguvu, lenye kubeba maana nyingi. Fizikia ikachagua kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, nishati kwa uwezo wa kufanya kazi, na nguvu kwa kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde.

Katika miaka ya 1980 njia kuu ya kilovolti 220 ilipita Singida ikitoka Iringa kwenda Mwanza. Baadaye Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya 2005, ukaendeleza kazi ya kufikisha umeme vijijini. Basi istilahi zikatoka darasani zikaingia dukani.

Tuchukue mfano wa birika la umeme lipokealo volti 230 na ampea 10. Tukigawa volteji kwa mkondo, ukinzani ni omu 23. Tukizidisha, nguvu ni wati 2,300. Volteji ikishuka hadi 207, na ukinzani ukibaki uleule, mkondo huwa ampea 9 na nguvu wati 1,863. Volteji imepungua kwa asilimia 10, nguvu kwa asilimia 19.

Lakini mota ya mashine ya kusaga, ikiwa imebeba mzigo uleule, volteji ikishuka huelekea kuvuta mkondo mkubwa zaidi, ikapata joto na pengine kuungua. Hapo volteji ni ndogo ilhali mkondo ni mkubwa. Mfasiri aliyeandika "umeme mdogo" amemficha mwenye mashine jambo lile hasa alilopaswa kuonywa.

Kwa sababu hiyo tunawasihi walimu, wafasiri na watumishi wa umma: penye volti andikeni volteji, penye ampea mkondo, penye omu ukinzani, na penye wati nguvu. Neno umeme libaki kuwa jina la jumla.