Pokémon Unite
Pokémon Unite ni mchezo wa video ambamo timu mbili za wachezaji watano hupambana kupitia intaneti. Kila mchezaji huongoza kiumbe mmoja wa kubuniwa aitwaye Pokémon. Mchezo ulitengenezwa na TiMi Studio Group ya China, ukatolewa Julai 2021 kwa Nintendo Switch na Septemba 2021 kwa simu za mkononi.

Mechi ya kawaida huchukua dakika 10. Wachezaji hushinda viumbe wa porini, hukusanya nishati na kuipeleka kwenye magoli ya wapinzani. Katika dakika 2 za mwisho kila alama huhesabiwa mara mbili, hivyo timu iliyoachwa nyuma huweza bado kushinda.

Mchezo uliingia katika Mashindano ya Dunia ya Pokémon mwaka 2022 jijini London, ambapo timu ya BLVKHVND kutoka Amerika Kaskazini ilitwaa ubingwa.