Mkono kwa Mkono: Safari ya Hip-Hop ya Korea

Katika miaka ya 1970 na 1980, kijana wa Seoul aliyetaka kusikia muziki wa Wamarekani Weusi ilimbidi autafute kwa miguu yake. Serikali za kijeshi za Korea Kusini zilipiga marufuku nyimbo nyingi, za ndani na za nje, na santuri za kigeni zilizoruhusiwa mara nyingi zilifika dukani zikiwa zimepunguzwa wimbo mmoja au miwili. Waliotaka kitu kizima walikwenda eneo la Cheonggyecheon na kwenye jengo la maduka la Sewoon Sangga, kulikouzwa santuri zilizonakiliwa bila kibali, zenye majalada hafifu na sauti ya mikwaruzo. Wengine walinasa AFKN, kituo cha jeshi la Marekani lililokuwa na kambi nchini humo. Matangazo hayo yaliwalenga askari, lakini antena ya jirani nayo iliyapata. Mwenye redio kaseti alirekodi, akamnakilia mwenzake, na mwenzake akamnakilia mwingine.

Studio na kampuni kubwa zina sehemu yao katika historia ya hip-hop ya Korea, lakini kilichoubeba muziki huo miaka yote ni tabia hii ya mtu kumpelekea rafiki yake wimbo alioupenda. Chombo cha kuupelekea kimebadilika mara nyingi, kutoka kanda hadi simu ya mkononi. Kila kilipobadilika, na rap yenyewe ilibadilika.

Itaewon ni mtaa wa wilaya ya Yongsan, Seoul, ilikokuwa kambi kuu ya jeshi la Marekani, na baa zake nyingi ziliwahudumia askari. Katika klabu iliyoitwa Moon Night, vijana wa Kikorea walitazama jinsi wageni walivyocheza, wakaiga, kisha wakaanza kushindana wao kwa wao. Katika ukumbi huo walipita Hyun Jin-young, Yang Hyun-suk, Lee Juno, na marafiki wawili walioanzisha kundi la Deux, yaani Lee Hyun-do na Kim Sung-jae. Miguu ilitangulia, midomo ikafuata. Mwaka 1989 mwanamuziki wa roki Hong Seo-beom alitoa "Kim Satgat", wimbo ambao wengi huuhesabu kuwa rap ya kwanza ya Kikorea. Unamhusu mshairi mzururaji wa karne ya 19 aliyejifunika uso kwa kofia pana ya mianzi. Mwaka uliofuata Hyun Jin-young akatoa albamu iliyochanganya rap na uchezaji wa Moon Night.

Kisha wakaja Seo Taiji and Boys. Seo Taiji alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ya roki ya Sinawe, na wenzake wawili, Yang na Lee Juno, walikuwa wachezaji. Mwaka 1992 walipanda jukwaani katika kipindi cha televisheni ya MBC na wimbo "Nan Arayo", na majaji wakawapa alama za chini kabisa. Vijana hawakuungana na majaji. Albamu yenye wimbo huo iliuza zaidi ya nakala milioni 1.

Waliopima joto la wimbo siku hizo hawakuangalia duka peke yake. Kando ya barabara za Seoul palisimama mikokoteni ya wachuuzi wa kanda bandia, spika zikipiga kwa sauti ya juu, na kila mchuuzi akiwa na kanda zenye nyimbo kali za majuma hayo. Watu waliuita uteuzi huo Gilboard, kwa kuunganisha neno la Kikorea la barabara na jina la chati ya Billboard ya Marekani. Wanamuziki hawakuambulia hata senti kwenye mauzo hayo. Hata hivyo, mikokoteni iliwafikishia nyimbo zao watoto wa shule ambao hawakuwa na fedha za kununua albamu halali, na kanda hizo ziliazimwa madarasani.

Mwaka 1995 muziki huo uligongana na dola. Wakaguzi walitaka maneno ya wimbo "Sidae Yugam" wa Seo Taiji yabadilishwe. Yeye akayaondoa yote, akautoa wimbo ukiwa mdundo mtupu. Mashabiki walipiga kelele, huku mwimbaji wa nyimbo za folk Jung Tae-chun akiwa tayari amepigana miaka mingi dhidi ya ukaguzi. Juni 1996 ukaguzi wa muziki kabla ya kuchapishwa ukafutwa, na wimbo ukatoka tena na maneno yake. Deux hawakuwapo tena kuufaidi uhuru huo. Walikuwa wamevunja kundi mwaka 1995, na Novemba 20 mwaka huohuo Kim Sung-jae alifariki akiwa na umri wa miaka 23, mara tu baada ya onyesho lake la kwanza la peke yake.

Wakati huo mlango mwingine ulikuwa umeshafunguka. Kompyuta ziliunganishwa kwa laini ya simu na huduma za Hitel, Chollian na Nownuri, na watumiaji wakakutana kwenye skrini ya bluu yenye herufi nyeupe. Kupitisha wimbo mzima kwenye laini ya simu kulichukua muda mrefu mno na kuligharimu, kwa hiyo mashabiki waligawana maneno. Walitafsiri mistari ya marapa wa Marekani, wakachambua biti, wakagombana usiku kucha kuhusu nani anajua na nani anabahatisha. Kwenye Hitel lilikuwapo kundi la BLEX lililowakusanya wapenzi wa muziki wa Weusi, na mwaka 1997 lilitoa albamu ya pamoja ya wanachama wake. Kwenye Nownuri lilikuwapo SNP, walikotokea marapa Verbal Jint na P-Type. Waliojuana kwa herufi hatimaye walikutana ana kwa ana, wakasikilizishana diski walizozipata kwa shida na kushikana maiki.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa juu ya vina, na msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili atauelewa mara moja. Katika Kikorea kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na vitenzi huishia kwa silabi chache zilezile, kama vile -da na -yo. Anayetunga kwa kufuata sentensi ya kawaida hupata kina kilekile kila mstari bila jasho, na sikio hulichoka jambo hilo upesi, kama shairi ambalo mshororo wake kila mara umefungwa kwa kiambishi kimoja. Rap nyingi za mwanzo ziliishia hapo, au zilichomeka Kiingereza palipokosekana kina. Verbal Jint, aliyekuwa mwanafunzi wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, alionyesha njia nyingine mwaka 2001 katika mkusanyiko wake mfupi, Modern Rhymes. Aliikata sentensi kabla haijafika kwenye kitenzi, akamalizia mstari kwa nomino, na kulinganisha irabu za silabi mbili, tatu au nne kwa mkupuo, hata katikati ya mstari. Baada ya mkusanyiko huo, rapa wa Kikorea aliyefunga kila mstari kwa -da alijua kuwa atasutwa.

Mahali pa kuyajaribu hayo mbele ya watu palikuwa Master Plan, klabu ndogo ya Sinchon, karibu na vyuo vikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa kilinge cha hip-hop ya chini kwa chini. Hapo walikulia Garion, kundi la MC Meta na Naachal, walioshikilia kuchana kwa Kikorea karibu kitupu. Klabu ilifungwa mwaka 2001 na jina likaendelea kama lebo. Garion walichukua muda wao. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2004, ya pili mwaka 2010, na hiyo ya pili ikashinda Albamu ya Mwaka katika Tuzo za Muziki za Korea za 2011.

Njia nyingine ilipita Marekani. Tiger JK alikulia Los Angeles, katika miaka ambayo uhasama kati ya wenye maduka Wakorea na majirani zao Weusi uliingia katika ghasia za 1992. Pamoja na DJ Shine alianzisha Drunken Tiger, na albamu yao ya mwaka 1999 iliwauliza Wakorea waziwazi kama wanaijua hip-hop. Mkewe, Yoon Mi-rae, alizaliwa Texas na baba Mmarekani Mweusi aliyekuwa askari na mama Mkorea. Wimbo wake wa mwaka 2007, "Geomeun Haengbok", unasimulia alivyobaguliwa utotoni kwa sababu ya rangi yake. Hip-hop ya Korea ilikopa kutoka kwa watu Weusi, na kwa sauti ya Yoon Mi-rae ililazimika kusikia jinsi nchi yenyewe ilivyowatendea.

Mwaka 1998 kampuni ya Kikorea ya Saehan iliuza MPMan, mashine ya kwanza ya mfukoni ya kuchezea MP3 kuingia sokoni duniani. Mwaka 2000 ndugu wawili walianzisha Soribada, programu iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo moja kwa moja kati ya kompyuta zao. Kampuni za muziki zilikwenda mahakamani, na mwaka 2002 ikaamriwa ifungwe, lakini mazoea yalikwisha kuota mizizi. Wasanii walioishi kwa kuuza albamu waliumia kwelikweli. Wasiokuwa na lebo, kwa upande wao, walipata wasikilizaji bila kupita kwa bosi yeyote. Marapa vijana kama Kebee na The Quiett walijikusanya mwaka 2004 katika Soul Company, lebo iliyoendeshwa na wasanii wenyewe hadi 2011.

Chombo kilichoacha alama kubwa zaidi kwa kizazi hicho kilikuwa Cyworld. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake uliopambwa kama chumba kidogo, na wimbo aliouchagua ulimpokea kila mgeni. Malipo yalifanywa kwa dotori, yaani kokwa za mwaloni za kompyuta zilizouzwa won 100 kila moja. Wimbo ulinunuliwa pia ili kumpa rafiki zawadi. Kwa kuwa wimbo ulisimama mlangoni badala ya mwenyewe, watu walichagua uliosema kile walichoshindwa kusema. Rap yenye piano, kiitikio cha kuimba na huzuni ya kijana ikatawala. "Y" ya Free Style, ya mwaka 2004, ilisikika chumba baada ya chumba, na "Fly" ya kundi la Epik High ikafuata mwaka 2005.

"Fly" ilimfikia mtoto wa miaka 11 aitwaye Kim Nam-joon, aliyekulia Ilsan. Wimbo ulimfariji, akaanza kuitafuta hip-hop. Mwalimu wake alimwonyesha filamu ya jinsi 8 Mile ya Eminem ilivyotengenezwa, naye akawa anachapa mashairi kwenye karatasi na kuwagawia marafiki yale aliyoyaona makali. Huyo ndiye RM, kiongozi wa BTS, kundi lililoanza rasmi mwaka 2013. Mwenzake Suga, kutoka Daegu, naye alianza kwa kuwasikiliza Epik High na Stony Skunk. Mwaka 2017 BTS waliurudia "Come Back Home", wimbo wa Seo Taiji wa 1995 kuhusu watoto waliotoroka nyumbani. Mwaka 2019 Suga alishiriki kutengeneza "Eternal Sunshine" ya Epik High. Mwaka 2022 RM alirekodi "All Day" pamoja na Tablo wa Epik High, sauti ileile iliyomfariji utotoni.

Katikati ya miaka hiyo televisheni iliingia kwa nguvu. Kituo cha Mnet kilianza Show Me the Money, kipindi cha mashindano ya marapa, mwaka 2012, na msimu wa pili timu zake mbili ziliongozwa na Lee Hyun-do wa Deux na MC Meta wa Garion, mmoja kutoka ulingo wa Itaewon na mwingine kutoka maiki ya Master Plan. Kipindi kiliwapa marapa fedha na majina. Kiliwafundisha pia kutunga kwa ajili ya dakika chache za kushinda, na mashabiki wa zamani walilalamika kwa haki kwamba kelele zilipewa alama kuliko utunzi. Mwaka 2022 rapa Lee Young-ji akawa mwanamke wa kwanza kukishinda.

Bado nyimbo nyingine zilipita pembeni ya kamera. Agosti 2013 marapa Swings, E Sens, Simon D na Gaeko walirushiana mistari ya kushambuliana mtandaoni, na kila jibu lilisambaa kwenye simu kabla la awali halijapoa. Mwaka 2015 albamu ya E Sens, The Anecdote, ilitoka wakati mwenyewe akiwa gerezani kwa kosa la bangi, bila onyesho wala mahojiano ya kuitangaza. Wasikilizaji waliinunua, wakaambizana, na mwaka uliofuata ikawa Albamu ya Mwaka katika Tuzo za Muziki za Korea.

Anayemwandalia rafiki orodha ya kwanza leo anaweza kuifuata njia hii kwa nyimbo chache. Aanze na "Come Back Home" ya Seo Taiji and Boys, aone rap ilivyoingia kila nyumba. Aongeze "Nan Neol Wonhae" ya Drunken Tiger, kisha "Yet Iyagi" ya Garion ili asikie Kikorea kikitembea bila mkongojo wa lugha nyingine. "Geomeun Haengbok" ya Yoon Mi-rae aiweke pamoja na tafsiri ya maneno, maana bila maneno nusu yake hupotea. "Fly" ifuate, na mwisho "Meteor" ya Changmo ya mwaka 2019, kazi ya kijana aliyesomea piano kabla ya kushika maiki, iliyopanda hadi nafasi ya kwanza kwenye chati ya nyimbo ya Korea ya Gaon. Rafiki akirudi akiulizia wimbo mmoja kati ya hizo, aletewe albamu nzima.