Suala la Mwanga katika Majumba ya Gesi ya Vienna

Katika eneo la Simmering, kusini-mashariki mwa jiji la Vienna nchini Austria, yamesimama kwa mstari majengo manne ya duara ya matofali mekundu, kila moja likiwa na kimo cha takriban mita 70 na kipenyo cha takriban mita 60, ambayo yalijengwa kati ya mwaka 1896 na 1899 kwa ajili ya kuhifadhi gesi. Kabla ya hapo biashara ya gesi jijini humo ilitawaliwa na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Continental Gas Association, hivyo uamuzi wa halmashauri wa kujenga kiwanda chake yenyewe ulikuwa wa kisiasa kama ulivyokuwa wa kiufundi, kwa kuwa aliyeshika gesi ndiye aliyeshika taa za barabarani.

Gesi hiyo ilitokana na makaa ya mawe yaliyopashwa moto mkali ndani ya tanuri lisiloingiza hewa, na kwa kuwa uzalishaji uliendelea mchana kutwa ilhali taa ziliwashwa usiku, ilibidi pawe na mahali pa kuiweka akiba. Ukuta wa matofali, ambao mpita njia angeudhani kuwa ndio tangi, haukushika gesi hata kidogo. Ndani yake lilikuwamo birika kubwa la maji, na juu ya maji hayo lilielea pipa la chuma lililofunikizwa mdomo chini, ambalo lilipanda kadiri gesi ilivyoingia na kushuka kadiri ilivyotumika, huku uzito wake wenyewe ukiisukuma gesi kwenye mabomba ya jiji na maji yakiizuia isivuje. Kila jengo liliweza kuhifadhi mita za ujazo 90,000. Kazi ya matofali ilikuwa kuukinga mtambo huo na upepo na baridi, maana maji yakiganda pipa hukwama, na pia kuupa sura inayolistahili jiji la kifalme. Ndiyo sababu mafundi waliupamba ukuta wa ghala kwa uangalifu ambao kwa kawaida hutengewa majumba ya watu wakubwa.

Kati ya mwaka 1969 na 1978 Vienna iliiacha gesi ya makaa, iliyokuwa na sumu, ikahamia gesi asilia, ambayo husafirishwa kwa bomba kutoka mbali na kuhifadhiwa kwa shinikizo kubwa, na kwa hiyo haikuhitaji mapipa ya kuelea. Majengo yalifungwa katika miaka ya 1980, lakini yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika ulinzi wa sheria ya urithi tangu mwaka 1978, na bila ulinzi huo ni vigumu kuamini kwamba yangenusurika. Kwa miaka kadhaa yalibaki matupu, yakitumika mara kwa mara kwa maonyesho na sherehe za muziki.

Jiji lilipoamua katika miaka ya 1990 kuyageuza kuwa makazi, ugumu mkuu ulikuwa mwanga, kwa sababu ganda lililojengwa kufunika mtambo halikuwa na madirisha ya kuwatosha binadamu, na sheria iliwazuia wasanifu kuutoboa ukuta watakavyo. Kila jengo lilikabidhiwa msanifu wake. Jean Nouvel aliligawa jengo lake katika vipande vyembamba vilivyoachana, akavivika chuma king'aacho na vioo ili mwanga udundedunde hadi chini. Wasanifu wa Coop Himmelb(l)au waliongeza nje ya ukuta jengo refu lililopinda, nalo limevutia kamera kuliko mengine yote, ingawa kwa kiasi fulani linalikwepa swali, kwani wanaokaa humo wanapata mwanga kwa kuwa nje ya ganda. Manfred Wehdorn alipanga nyumba zake kwa ngazi kuuzunguka ua wa katikati. Wilhelm Holzbauer alifanya kinyume: alijenga katikati jengo la mabawa matatu, kisha akaacha nyua tatu kati ya mabawa hayo na matofali ya zamani, na jibu lake ndilo lenye heshima zaidi, kwa kuwa mkazi wake akifungua dirisha anautazama ukuta wenyewe kwa upande wa ndani, ambao zamani haukuonekana ila na wafanyakazi wa kiwanda.

Makazi yalifunguliwa mwaka 2001, yakiwa na nyumba zaidi ya 600, hosteli ya wanafunzi, ukumbi wa muziki na hifadhi ya nyaraka za jiji, na wingi huo wa wakazi uliwezekana kwa sababu reli ya chini ya ardhi, njia ya U3, ilikuwa imefikishwa Simmering mwishoni mwa mwaka 2000. Maduka yaliyopangwa katika ghorofa za chini kuyaunganisha majengo yote manne hayakupata bahati hiyo: wateja walipungua, mengi yakafungwa, na sehemu ya nafasi yake ikachukuliwa na shughuli za mafunzo ya muziki na uuzaji wa ala. Wapangaji wa ghorofa za juu walibaki.