Siri za Vita Katika Nyumba za Ughaibuni

Wafaransa walikaa zaidi ya nusu karne kabla dola yao haijakiri kwamba polisi wao wenyewe ndio waliowakamata Mayahudi wa Paris na viunga vyake, watu wapatao 13,000, tarehe 16 na 17 Julai 1942. Na ungamo hilo likaja mwaka 1995, kwa kinywa cha rais Jacques Chirac. Ukimya huo ndio uliochipusha hadithi na filamu zao za taharuki juu ya aila zenye siri, mojawapo ikiwa Un secret ya Claude Miller, ya mwaka 2007, iliyotokana na riwaya ya Philippe Grimbert, ambamo kijana hutambua kuwa babake alikuwa na mke na mwana mwingine waliohilikishwa Auschwitz.

Aliyepata kukaa na watu wa Kongo ya mashariki haoni ugeni katika kisa hicho. Huko Buffalo, mji ambao mtaa wake wa Riverside hutazamana na Kanada ng'ambo ya mto Niagara, na huko Louisville ukingoni mwa mto Ohio, wanaishi leo jamaa waliokimbia vita vya 1996 na 1998, wengi wao wakavuka Ziwa Tanganyika na kulea wana wao katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, nchini Tanzania. Wapo Marekani watu wa Fizi, Kivu Kusini, wasiosahau kijiji cha Makobola, ambako raia waliuawa kwa mamia mwaka 1998 ulipokuwa ukiingia 1999. Na wapo Wanyamulenge, Watutsi wa Kongo ya mashariki, walionusurika Gatumba, Burundi, ambako zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa usiku wa 13 Agosti 2004. Columbus, jimboni Ohio, nako wapo Wazigua wa Somalia, dhuriya ya watumwa waliochukuliwa pwani yetu ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, kisha wakatawanywa tena na vita vya 1991.

Siri ya nyumba hizi aghalabu imo katika nasaba. Mtu aliyeokota yatima njiani alimwandikisha kambini kuwa mwanawe wa kumzaa, naye mtoto akakua hajui vingine. Basi mwaka 2008, serikali ya Marekani ilipoanza Nairobi kupima vinasaba vya Waafrika walioomba kuwafuata jamaa zao, nasaba nyingi hazikuthibitika, na mpango huo wa kuwaunganisha jamaa ukasimamishwa hadi 2012. Walikuwamo waongo, hilo halikanushiki; lakini kumhesabu pamoja nao mlezi wa yatima wa vita, kwa kuwa damu haikulingana, kwangu ni dhuluma.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo baina ya 1993 na 2003. Ni kazi adhimu, ila haikuweza kuhifadhi habari za kila nyumba, na wenye habari hizo wanazeeka, ilhali wajukuu wao wanakipoteza Kiswahili. Simdai mama aliyedhulumiwa mwili wake aseme asichotaka kusema. Lakini ninyi wazee wa Louisville, Columbus na Buffalo mnaoweza kunena, nawasihi mwaandikie wajukuu wenu majina ya marehemu wenu, kijiji na mwaka waliouawa, na yule yatima mwambieni wazazi wake walikuwa nani, mngali mnao uhai wa kumjibu atakapouliza.