Ufunguo si Hati: Habari za Nyumba za Kupro

Msomaji, wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango waweza kuwa wa mninga ulionakshiwa, na ndani mkawa na ufa. Tena nyumba yaweza kuwa nzima tangu msingi hata paa, lakini ikawa na ufa usioonekana kwa macho, kwa kuwa umo katika karatasi. Karatasi hiyo ni hati ya kumiliki. Katika insha hii nakusudia kukueleza habari za watu waliovuka bahari, wakanunua nyumba katika nchi isiyo yao, wakalipa fedha zao, wakakabidhiwa ufunguo, kisha wakatambua kuwa ufunguo si hati. Nchi yenyewe ni Kupro.

Kupro ni kisiwa kilicho upande wa mashariki wa Bahari ya Kati, kusini ya Uturuki na magharibi ya Shamu. Wasomaji wa Biblia hukijua kwa jina la Kipro, na wengine hukiita Saiprasi. Kina jua jingi, milima yenye misonobari, na nchi ya pwani yenye malimau, machungwa na mizeituni. Wenyeji wake ni makundi mawili makubwa: Wagiriki, ambao ndio wengi, nao ni Wakristo wa Kiorthodoksi, na Waturuki, ambao ni wachache, nao ni Waislamu. Waturuki walianza kukaa huko baada ya dola ya Uthmaniya kukiteka kisiwa katika miaka ya 1570 na 1571.

Usidhani kwamba nchi hii haikujua daftari. Dola ya Uthmaniya ilitunga sheria ya ardhi mwaka 1858, na ardhi ikaandikishwa. Waingereza walipoanza kukitawala kisiwa mwaka 1878, kazi moja ya kwanza waliyoiagiza ilikuwa kupima nchi, nao wakampa kijana wa jeshi aliyeitwa Kitchener, yule ambaye baadaye alipata jina kubwa katika vita vya Sudan. Sheria mpya ya kumiliki na kuandikisha mali isiyohamishika ilianza kutumika mwaka 1946. Basi shamba la mtu lilikuwa na mipaka yake, namba yake, na jina la mwenyewe katika daftari la Serikali. Kumbuka jambo hili, maana kila kitakachofuata kinalitegemea.

Kupro ilipata uhuru tarehe 16 Agosti 1960. Rais wake wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios, ambaye Waingereza walikuwa wamempeleka uhamishoni Ushelisheli mwaka 1956. Sisi wa Kenya tuna sababu ya kumkumbuka, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha chuo cha Waorthodoksi kule Riruta, Nairobi. Lakini uhuru haukuleta upendo baina ya makundi yale mawili. Mwishoni mwa mwaka 1963 damu ilimwagika, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukapeleka askari wa kulinda amani. Kisha, tarehe 15 Julai 1974, wanajeshi waliotaka kisiwa kiunganishwe na Ugiriki walimpindua Makarios. Na siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yalishuka katika pwani ya kaskazini. Vita vilipotulia, zaidi ya theluthi moja ya nchi ilikuwa mikononi mwa Waturuki. Wagiriki zaidi ya laki moja na nusu walikimbilia kusini, na Waturuki kwa makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Watu hao waliacha nyumba na mashamba. Wengi walidhani wangerudi baada ya siku chache. Wakafunga milango, wakaondoka na funguo mifukoni. Siku zikawa miaka. Kaskazini, wakuu waliotawala waliwagawia Waturuki waliotoka kusini nyumba za Wagiriki, kuwa badala ya mali waliyoiacha. Nyingine wakapewa watu waliotoka Uturuki. Mwaka 1983 upande huo ulijitangaza kuwa dola, lakini Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema tangazo hilo ni batili, na hata leo Uturuki peke yake ndiyo inayoitambua dola hiyo. Wakuu hao walitoa hati mpya, na waliopewa hati wakawauzia wengine. Hivyo ndivyo shamba moja lilivyopata hati mbili: ya zamani iliyo mkononi mwa mkimbizi, na mpya iliyo mkononi mwa mnunuzi.

Je, ipi iliyo na nguvu? Jibu moja lilitoka Strasbourg, katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwanamke mmoja wa Kigiriki, Titina Loizidou, mwenye viwanja huko Kyrenia, aliishtaki Uturuki kwa kumzuia kuifikia mali yake. Mwaka 1996 mahakama iliamua kwamba Bibi Loizidou hakupoteza umilikaji wake, na mwaka 1998 ikaiamuru Uturuki imlipe fidia. Fidia ililipwa mwaka 2003. Tokea hukumu hiyo, hapana wakili aliyeweza kusema kwa haki kuwa hajui ardhi ya kaskazini ina mashaka gani.

Hata hivyo wageni walizidi kununua, na hasa Waingereza. Walikuwa wazee waliostaafu, waliochoka na baridi ya kwao, waliotaka kumalizia umri wao juani. Nyumba za kaskazini zilikuwa rahisi kuliko za kusini. Na urahisi huo wenyewe ulikuwa onyo, kwa sababu bei ilipunguzwa na shaka iliyokuwa ndani ya hati. Lakini mtu aliyekwisha kuipenda nyumba husikia sauti ya bahari kuliko sauti ya wakili.

Sikiliza habari za mume na mke mmoja wa Kiingereza. Mwaka 2002 walinunua kiwanja Lapithos, karibu na Kyrenia, wakajenga nyumba, ua na bwawa la kuogelea. Mwaka 2003 njia za kuvuka mstari ulioigawa nchi zilifunguliwa, na Wagiriki kwa maelfu wakaenda kutazama makwao. Mwenye kiwanja kile, ambaye jamaa zake walikimbia mwaka 1974, alikuta nyumba ya watu juu ya ardhi yao. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani Nicosia. Mahakama iliwaamuru Waingereza wale wabomoe nyumba, ua na bwawa, waiache ardhi, na wamlipe mwenyewe fidia.

Mahakama ya Nicosia haikuwa na askari wa kuitekeleza hukumu hiyo kaskazini. Lakini Kupro iliingia katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na nchi za Umoja huo huheshimu hukumu za mahakama za wenzao. Mdai akaipeleka hukumu Uingereza, ambako wadaiwa walikuwa na mali nyingine. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya huko ilimkatalia. Akakata rufani, Mahakama ya Rufani ikauliza shauri katika Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, nayo, tarehe 28 Aprili 2009, ikajibu kuwa hukumu ya Nicosia yapasa kutambuliwa. Mwezi wa Januari 2010 jambo likaisha: mdai alishinda. Wanunuzi wale walikuwa wametafuta mahali pa kupumzika, wakapata kesi ya miaka zaidi ya mitano.

Pengine sasa wasema moyoni, "Basi kosa lao ni kununua kaskazini, wangalinunua kusini wangalisalimika." Ngoja kidogo. Kusini kulikuwa na Serikali inayotambuliwa na mataifa, na daftari halali. Lakini mtego ulikuwako, nao ulikuwa wa namna nyingine. Kampuni ya ujenzi ilinunua shamba, ikaliweka rehani benki, ikapata mkopo, ikajenga nyumba kumi au ishirini, ikaziuza. Mnunuzi alilipa bei yote, akaingia nyumbani, akangoja hati. Hati haikuja. Kwanza ilibidi ardhi igawanywe katika daftari, vyeti vya ujenzi vikamilike, na makosa ya kuvunja ramani yasahihishwe. Zaidi ya hayo, rehani ya benki ilikuwa imetangulia mkataba wa mnunuzi, na aliyetangulia katika daftari hutangulia katika haki. Kampuni iliposhindwa kulipa deni, benki iliitazama nyumba ya mtu aliyekwisha kulipa kama mali ya kampuni.

Mabenki ya Kupro yalipoanguka mwaka 1913 ungalisema ni habari ya kale. Lakini yalianguka mwaka 2013, jana tu, na ndipo ukubwa wa balaa ulipoonekana. Wengi walionaswa walikuwa wageni, lakini wenyeji nao walikuwamo. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kumpa Mkurugenzi wa Ardhi uwezo wa kuiondoa rehani na kumwandikia mnunuzi hati, ikiwa mnunuzi ametimiza malipo yake. Wengi walipata nafuu, ingawa mabenki yalipinga mahakamani, yakidai kuwa haki yao nayo inalindwa na katiba.

Sasa, msomaji, tupime. Ni nani aliyedhulumiwa? Mkimbizi wa mwaka 1974 hakuuza shamba lake, wala hakulipwa. Mturuki aliyefukuzwa kusini naye aliacha nyumba yake, akapewa nyumba ya mwingine asiyoiomba. Mnunuzi wa Kiingereza alitoa akiba ya maisha yake. Kila mmoja ana kilio. Na muda ukipita, mambo huzidi kuwa magumu, maana watoto huzaliwa katika nyumba ile na wazee huzikwa karibu nayo. Kwa ajili hiyo tume iliundwa kaskazini mwaka 2005 ili wenye mali wa zamani waombe kurudishiwa, kubadilishiwa au kulipwa. Na mwaka 2010 Mahakama ya Strasbourg iliikubali njia hiyo, ikisema kuwa hali ya wanaokaa katika nyumba hizo nayo haina budi kuangaliwa.

Lakini vilio haviko sawa. Mkimbizi aliondolewa kwa bunduki. Mnunuzi alikwenda kwa hiari, na daftari lilikuwako kwa mwenye kutaka kuuliza. Serikali ya Kupro iliongeza uzito mwaka 2006, ilipotunga sheria kuwa kuuza au kununua ardhi ya mtu bila idhini yake ni jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka saba. Tangu mwaka 2024 wamekamatwa na kushtakiwa baadhi ya wageni wanaodaiwa kuuza mali za wakimbizi.

Usiyasome haya kama hadithi ya mbali. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu mgeni kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, wala haimpi umilikaji wa daima. Tena, mwaka 2023 Mahakama ya Juu yetu, katika shauri la kiwanja cha pwani ya Mombasa, iliamua kwamba hati peke yake haitoshi: ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, aliyeinunua baadaye halindwi na karatasi aliyo nayo. Ndilo fundisho lile lile la Kupro. Hati ni kama mti, nao husimama kwa mizizi yake.

Kwa hiyo siku itakapofika, nawe ukawa na fedha za kununua nyumba, hapa au ng'ambo, usiharakishwe na uzuri wa dirisha. Nenda ofisi ya ardhi, fungua daftari, uliza jina la kwanza na jina la mwisho, uliza rehani, na utafute wakili wako mwenyewe, asiye wakili wa muuzaji. Uliza pia ni nani aliyelala katika chumba kile kabla yako, na aliondokaje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe, lisiposomwa na mnunuzi, husomwa siku moja na hakimu.